Manyoya ya Kijivu Mkononi mwa Askari

Wachuuzi wa soko lile hawakurudi na bidhaa zao nyumbani jioni. Waliziacha palepale zingoje alfajiri, kwa kuwa serikali ilikuwa imeweka askari wa kulinda usiku, kila mmoja na zamu yake ya saa nne. Kilikuwa kijiji cha pwani ya kusini ya Tanganyika, upande wa Lindi, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Usiku wa manane, askari wa zamu iliyofuata alifika asimkute mwenziwe. Akamtafuta kati ya vibanda, na alipompata alikuwa chini ya kibanda kimoja, ameraruliwa, amekwisha kufa. Ndani ya ngumi yake mlikuwa na fungu la manyoya ya kijivu yaliyosokotana.

Habari hii imetufikia kwa kalamu ya William Hichens, Mwingereza aliyekuwa ofisa na hakimu huko Lindi. Yeye na mkuu wa askari waliitwa, wakaenda sokoni, wakajionea wenyewe. Wazo la kwanza lilikuwa simba. Mtu anayepigania roho yake aweza kung'oa nywele za shingo ya simba dume, na manyoya yale yalifanana na kitu cha namna hiyo. Ila simba hakuwa ameonekana mahali pale kwa miaka mingi.

Asubuhi, wangali wanaulizana bomani, liwali aliingia mbiombio, nyuma yake watu wawili wenye hofu. Wale wawili walikuwa wamepita karibu na soko usiku ule kwa kunyata, wakichelea askari asije akawadhania wezi. Walisema wamemwona paka mkubwa kupita kiasi, mwenye mabakabaka, akichupa kutoka gizani na kumwangusha askari chini. Liwali, ambaye Hichens anamweleza kuwa mzee mheshimiwa na mwenye elimu, hakushangaa. Alisema mnyama huyo amekwisha kukitembelea kijiji mara kadhaa katika umri wake. Si simba, wala si chui. Ni paka, ukubwa wake kama wa punda, na rangi yake ni ya paka wa nyumbani mwenye mabaka. Jina lake nunda.

Haukupita muda askari wa pili akauawa kwa namna ileile, na manyoya ya kijivu yakakutwa yamenasa katika sare yake. Yalipelekwa kwa wataalamu. Jibu lilirudi kwamba hayo ni manyoya ya mwilini, si nywele za shingoni, na yaelekea ni ya paka. Kwa muda wa kama mwezi mmoja vijiji vya jirani navyo vikaleta misiba yao. Maofisa wakatega mitego, wakaweka sumu, wasipate kitu. Kisha mauaji yakakoma ghafla, kama mvua inavyokatika.

Nimeisoma habari hii katika vitabu mbalimbali vilivyoirudia, na kila mara jambo moja hunikaa kooni. Manyoya yanaelezwa: rangi yake, mshikamano wake, safari yake hadi kwa mchunguzi. Mnyama anaelezwa. Askari wawili waliokufa kwa kulinda nazi na samaki wa watu wengine hawatajwi hata kwa majina. Nunda amekuwa mashuhuri duniani, nao wakazikwa kama ukurasa uliopeperuka. Ndiyo maana naona historia ya nunda inafaa kusimuliwa tena, na safari hii ianzie kwa watu waliokuwa wakimwogopa.

Watu hao walikuwa wakimjua muda mrefu kabla ya Hichens kuzaliwa. Mwaka 1870, Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa askofu huko Zanzibar, alichapisha London kitabu cha ngano alizozikusanya Unguja kutoka vinywani mwa wasimulizi wenyewe. Humo mna kisa cha Sultani Majnuni, mwenye wana saba na mtende mmoja alioupenda sana. Msomaji aliyekulia pwani huenda anamkumbuka zaidi yule mwana wa saba, aliyeitwa Mkaa Jikoni kwa kuwa baba yake alimdharau na yeye akazoea kushinda na watumwa na wapishi. Mimi, kila nikikirudia kisa hiki, macho huenda kwa paka.

Sultani alikuwa na paka wake, naye alimpenda. Siku moja paka akakamata ndama. Watu wakamwendea Sultani kushtaki, naye akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi aachwe. Paka akaendelea: mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia. Kila mara mashtaka yalikwenda na jibu likawa lile lile. Akaja akala mtoto wa watu. Akala mtu mzima. Sultani bado hakutaka kusikia. Paka akahamia kichakani nje ya mji, akawa anamla kila apitaye njia ile, na watu wakazidi kulalamika, na mwenye nchi akazidi kumtetea. Mpaka siku alipotoka yeye mwenyewe na wanawe kutazama nchi, paka akatoka kichakani, akawaua baadhi ya wanawe. Hapo ndipo Sultani alipokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda, na kwamba hata yeye asingesalimika.

Mkaa Jikoni aliingia msituni kumtafuta aliyewaua kaka zake. Hakumjua nunda alivyo. Alimwua mbwa akamburuta hadi nyumbani, akamwita mama yake aje atazame kama ndiye, na mama akamwambia siye. Akarudi na fungo, siye. Punda milia, siye. Twiga, kifaru, tembo, wote siye. Msimulizi mzuri huwachosha wasikilizaji makusudi katika sehemu hii, kila mnyama akiwa mkubwa kuliko aliyetangulia, na mama akizidi kumsihi mwanawe aache. Mwisho kijana anamkuta nunda amelala kivulini, anamtambua kwa alama alizosikia kwa wazee, na kumwua kwa msaada wa watumwa waliofuatana naye.

Tuangalie kisa kilivyopangwa. Nunda hakutoka mbali. Alilelewa ndani ya jumba, akalishwa, akatetewa. Pwani tuna msemo kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na hadithi hii ni msemo huo uliovishwa manyoya na meno. Wasimulizi wa Unguja hawakuwa wakiuliza kama mnyama huyo yupo au hayupo. Walikuwa wakieleza anavyotokea: mkubwa anapokataa mashtaka ya wadogo kwa sababu anayekula ni wake. Neno lenyewe limebaki na maana mbili katika Kiswahili, mnyama mkali na mtu katili asiye na huruma, na sidhani kwamba ni bahati tu.

Turudi kwa Hichens, maana hakuwa mzungu wa kupita. Alikijua Kiswahili kwa kina na alikipenda. Ndiye aliyehariri na kuchapisha Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwaka 1939, na mwaka 1940 ndiye aliyetoa Diwani ya Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa. Mtu anayesoma tenzi leo anakula katika sahani ambayo Hichens alishiriki kuiandaa. Mwaka 1927, katika jarida moja la Uingereza, aliandika kuhusu wanyama wa ajabu wa Afrika kwa jina la bandia, Fulahn, ambalo msomaji wa Kiswahili hakawii kusikia ndani yake neno fulani. Mwaka 1937 akarudi kwa jina lake halisi katika jarida la sayansi liitwalo Discovery, na humo ndimo habari ya soko ilimosomwa na wengi.

Katika maandishi hayo nunda ana jina la pili, mngwa. Hichens alidai kwamba mngwa ametajwa hata katika ushairi unaonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na Ozi, na akautaja mwaka wa 1150 hivi. Tarehe hiyo tusiimeze bila kutafuna. Wataalamu wa fasihi hawajakubaliana Liyongo aliishi karne gani, na makisio yao yanapishana kwa mamia ya miaka. Hata hivyo hoja ya Hichens ina uzito wake: washairi wa pwani walimtaja simba kwa jina lake na chui kwa jina lake, na mngwa kwa jina lake. Watu wanaotenganisha majina kwa uangalifu hivyo hawachanganyi wanyama ovyo.

Ushahidi wake mwingine ni mwindaji aliyeletwa kwake Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, amelazwa kwenye machela, mwili wote umejeruhiwa na mnyama. Mtu huyo alisema aliyemjeruhi ni mngwa. Hichens alimfahamu. Walikuwa wamefuatana porini mara nyingi kuwafuata simba na chui. Akauliza, kwa nini mtu wa namna hiyo, shupavu, anayezijua nyayo kama mwalimu anavyozijua herufi, aseme uongo akiwa katika maumivu makubwa kama yale? Mwindaji mwingine, Patrick Bowen, naye alimwambia kwamba aliwahi kufuata nyayo za mngwa: umbo lake la chui, ukubwa wake wa simba mkubwa kabisa, na manyoya aliyoyaona hayakuwa ya chui.

Nampenda Hichens kwa swali lile la Mchinga. Maofisa wengi wa zama zake walikuwa wakiandika neno ushirikina pembeni mwa ushahidi wa Mwafrika na kufunga jalada. Yeye aliuliza kwa nini mtu huyu asiaminiwe. Lakini baada ya kuuliza hivyo aliishia kwa mnyama, na ardhi aliyokanyaga mnyama hakuitazama vya kutosha.

Ardhi hiyo ilikuwa imetoka vitani. Mwezi Julai 1905, katika vilima vya Matumbi, watu walikataa kulima pamba ya kulazimishwa, na Vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe mwanzoni mwa Agosti mwaka huo, kisha wakakomesha vita kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Njaa ilimaliza walioachwa na risasi. Wanahistoria wa Tanzania wamekisia waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Kabla watoto waliozaliwa baada ya njaa hiyo hawajabalehe, vita vikuu vya kwanza vikafika. Oktoba 1917 Mahiwa, si mbali na Lindi, majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipigana siku nne mapigano yaliyokuwa miongoni mwa makali kuliko yote katika Afrika Mashariki. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu, vyakula vikachukuliwa, na mwaka 1918 homa ya mafua ikapita nyuma yao.

Shamba likiachwa misimu michache kusini, halibaki shamba. Nyasi zinapanda, kisha vichaka, kisha miti inafunga. Nguruwe pori anaingia kwanza, kwa sababu mizizi ya muhogo uliosahauliwa ni karamu kwake, na simba anamfuata nguruwe. Kabla ya utawala wa Kijerumani vijiji vilikuwa na dawa ya hilo: uwindaji wa pamoja, wanaume na vijana, nyavu na mbwa, kelele na mikuki. Sheria za uwindaji za serikali ya kikoloni ziliubana uwindaji huo, na bunduki zikanyang'anywa baada ya Maji Maji. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha kwamba nguruwe wa porini walioachwa kuongezeka ni sehemu ya chimbuko la hasira za 1905 zenyewe. Watu walizuiwa kuwaua wanyama waliokuwa wakila mazao yao, kisha wakalazimishwa kulima pamba.

Kwa hiyo askari aliposimama peke yake sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1920, msitu ulikuwa karibu naye kuliko ulivyokuwa karibu na babu yake. Naamini hilo lina maana zaidi kuliko rangi ya manyoya.

Palikuwapo dhana nyingine pia, nayo ilimjia Hichens mwenyewe: pengine muuaji ni mtu. Kabla ya kufika Lindi alikuwa amesikia habari za watu-simba kutoka Singida, ambako ilisemekana vijana huvishwa ngozi na kutumwa kuua. Mambo hayo yaliibuka upya huko miaka ya 1946 hadi 1948, kesi zikafika mahakamani na watu wakanyongwa. Njombe, katika miaka ya 1930 na 1940, simba walikula watu wengi mno, na wanakijiji wengi waliamini wanatumwa na mganga mmoja aliyevuliwa cheo. George Rushby, aliyewawinda simba hao hadi mwisho, aliandika kwamba hata wasaidizi wake walikuwa na imani hiyo. Imani hiyo si upumbavu. Mtu anapouawa kijijini, haiulizwi tu ni mnyama gani. Huulizwa pia: kwa nini yeye, kwa nini leo, na nani alikuwa na chuki naye. Maswali hayo hayajibiwi kwa kupima nyayo.

Kuna jambo jingine la Lindi ambalo siwezi kulipita. Miaka ileile ambayo wazungu walikuwa wakicheka hadithi za nunda, au wakizitafuta, ardhi ya Lindi ilikuwa inatoa madude makubwa kuliko nunda mara nyingi. Tendaguru, safari ya siku nne kwa miguu kutoka bandarini, kati ya 1909 na 1913 wachimbaji wa Makumbusho ya Berlin walifukua mifupa ya dinosaria. Tunaposema wachimbaji wa Berlin maana yake ni mamia ya wanaume na wanawake wa kusini, chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, walioichimbua, wakaifunga kwa udongo na mianzi, na kuibeba kichwani na mabegani hadi Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Mifupa ya mmoja wa wanyama hao ilisimamishwa Berlin mwaka 1937, mwaka uleule wa makala ya Hichens, na leo kichwa chake kiko zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni. Mwaka 1924 Waingereza nao wakaja Tendaguru na William Cutler, akifuatana na kijana Louis Leakey. Cutler akafa kwa malaria Lindi mwaka uliofuata.

Nawaza mpagazi aliyebeba begani pande la mfupa wa paja lililozidi kimo cha mtoto wake, akiambiwa kwamba huyu alikuwa mnyama wa kweli, kisha jioni akasikia ofisa anasema nunda ni hadithi ya kutishia watoto. Kwake kulikuwa na sababu gani ya kukubali la kwanza na kukataa la pili?

Baada ya vita vikuu vya pili nunda alichukuliwa na watu wengine kabisa. Mwaka 1955 Bernard Heuvelmans, Mbelgiji mwenye shahada ya zoolojia, alitoa kwa Kifaransa kitabu kikubwa kuhusu wanyama wasiojulikana, na mngwa wa Lindi akapewa nafasi yake humo. Alifikiri huenda ni aina kubwa ya paka wa dhahabu, mnyama wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Paka huyo yupo Uganda, lakini uzito wake haufiki ule wa chui, na hajulikani kuishi misitu ya Lindi. Tangu hapo mngwa anazunguka katika vitabu vya aina hiyo, kila kimoja kikinakili kingine, na kwa kila kunakili kijiji kinafifia na paka anakua.

Mimi nikiulizwa kilichomwua askari, nitasema yumkini ni simba au chui. Simba wengi wa kusini hawana nywele nyingi shingoni, na simba mgonjwa au mzee huenda akapauka. Giza la soko na hofu ya watu waliokuwa wakijificha vingeweza kumpa mnyama mabaka asiyokuwa nayo. Lakini nasema yumkini, na sifiki mbali zaidi, kwa sababu kusini ya Tanzania imekwisha kutufundisha adabu katika mambo haya.

Funzo lilitoka Rungwe. Mnamo Januari 2003, watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Mlima Rungwe, juu ya mji wa Tukuyu, walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Mwanzo hawakujua wauweke wapi ushahidi huo, kwa sababu masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wanyama wa kiroho, na msimulizi hawatengi kwa mstari. Waliendelea kusikiliza na kutazama juu mitini. Mwisho wa mwaka huo walimwona waziwazi: kima wa rangi ya kijivu na kahawia, mkia mrefu, nywele zimesimama kichwani kama ushungi, na mlio kama wa mtu anayebweka kwa kukatisha pumzi. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamkuta pia msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Mwaka 2005 habari zake zikatangazwa kwa wanasayansi wa dunia, na miongoni mwa waliotia sahihi ni Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Mkulima mmoja aliyekuwa ametega mahindini alimnasa dume mchanga, na vipimo vya mwili huo vikaonyesha kwamba kipunji si spishi mpya tu bali anastahili jenasi yake mwenyewe. Jenasi mpya ya nyani na kima wa Afrika ilikuwa haijatangazwa tangu 1923. Idadi yao yote ilikadiriwa kuwa kama 1,100.

Wawindaji wa Rungwe hawakugundua kitu mwaka 2005. Wao walikuwa na jina lake siku zote. Na Lindi yenyewe, katika msitu wa nyanda za juu za Rondo, komba mdogo wa gramu 60 hivi, mwenye mkia kama brashi ya kusafishia chupa, hakupewa jina la kisayansi mpaka miaka ya 1990. Paka mkubwa kama punda si rahisi kujificha kama komba wa gramu 60, nakubali. Ila mtu aliyemkatalia mwindaji wa Mchinga kwa sababu tu alikuwa mwindaji wa Mchinga alikuwa na hoja mbovu.

Nimesema ardhi ina maana kuliko manyoya. Takwimu za karibuni zinanipa nguvu. Mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer, pamoja na Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir, walichapisha uchunguzi wao wa mashambulizi ya simba Tanzania. Tangu 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 na kujeruhi wasiopungua 308, na pwani ya kusini, Lindi na Rufiji zikiwemo, ndiyo iliyoumia zaidi. Mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno. Palipokuwa na nguruwe pori wengi na wanyama wengine wachache, ndipo simba walipokula watu. Nguruwe huingia shambani usiku. Mkulima hulala shambani kumfukuza, ndani ya dungu, kibanda cha juu ya nguzo kisicho na mlango. Wenyeji wengi wa pwani ni Waislamu, hawamli nguruwe, kwa hiyo hakuna anayemwinda kwa nyama. Simba anamfuata nguruwe hadi chini ya dungu, na huko anamkuta mtu. Simba mmoja wa Rufiji aliua watu zaidi ya 30 kabla ya kupigwa risasi mwaka 2004. Alikuwa kijana, na jino lake moja lilikuwa limepasuka na kutunga usaha.

Ni mlolongo uleule wa zama za Wajerumani: shamba, nguruwe, simba, mtu. Umepita zaidi ya miaka mia na haujakatika.

Na sheria? Wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma, wako chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Sheria hiyo imewaokoa wanyama wengi na sina ugomvi nayo. Lakini mama wa Lindi aliyemzika mwanawe, anapokwenda ofisini kushtaki, kwa masikio yake anasikia kitu kinachofanana na jibu la Sultani Majnuni: mnyama ni wetu. Kuna malipo yanayoitwa kifuta machozi, ambayo kanuni za 2011 ziliyaweka kuwa shilingi 1,000,000 kwa aliyeuawa. Aliyeyapa malipo hayo jina hilo alikuwa mkweli: fedha hiyo haikudai kuwa fidia. Swali la wasimulizi wa Unguja ni jingine, nalo lilitakiwa lijibiwe wakati wa ndama. Nyavu ziko wapi? Nani anasafisha vichaka vinavyozunguka kijiji? Bwana nyamapori na bunduki yake yuko umbali gani, na simu ikipigwa usiku anafika saa ngapi? Mpunga ukilindwa kwa uzio, mkulima atalala nyumbani. Hayo ni mambo ya kujengwa, si ya kuombolezwa, na kijiji kinaweza kuyadai kabla paka hajahamia kichakani.

Uchunguzi mwingine wa Packer na wenzake, wa mwaka 2011, uliotazama mashambulizi zaidi ya 1,000 ya miaka ya 1988 hadi 2009, ulionyesha kwamba usiku wa hatari si wa mbalamwezi. Ni zile siku zinazofuata, mwezi unapochelewa kuchomoza na giza likatangulia, watu wangali nje na simba ana njaa baada ya kushindwa kuwinda kwenye mwanga. Wazee hawakuhitaji kuambiwa. Siku hizo, huko mpungani, jua likianza kuzama mama huwapandisha watoto kwanza, kisha hupanda mwenyewe, kisha huivuta ngazi juu ya dungu na kuweka debe tupu karibu na mkono wake.